Naomba Akili za Mke Wangu Zirudishwe Zilivyokuwa

Mheshimiwa Mkurugenzi,
Mradi wa Kunoa Akili za Wananchi.

Kwa heshima na taadhima, na nikitumaini kwamba nyote hamjambo, mimi fundi cherehani wa mtaa ulio nyuma ya ofisi yako naleta malalamiko juu ya darasa lenu la jioni.

1. Mke wangu alikuja kwenu akiwa mke wa kawaida. Nikisema, "Kwa sababu nimesema," mjadala umekwisha. Siku hizi ananisikiliza mpaka mwisho, kisha ananiambia kwa upole, "Mume wangu, hiyo si sababu, hiyo ni sauti." Nilitoka nje nikajifanya natafuta kuku. Hatufugi kuku.

2. Miaka yote nimewaambia wateja, "Njoo Ijumaa," wakaenda kwa amani. Juzi mwalimu wa chekechea, naye mwanafunzi wenu, akauliza, "Fundi, Ijumaa ipi?" Tangu lini Ijumaa ikahitaji maelezo?

3. Mama mkwe, ambaye tulipatana kwa sababu hakunielewa, ameanza kunielewa. Hili sitalieleza zaidi.

Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mbona nyinyi mnagawa mawigi?

Naomba, basi, akili za mwenye nyumba, yaani mimi, zipimwe kwanza, na wengine wote wakatwe kwa kipimo hicho. Ikishindikana, mke wangu arudishiwe zake za zamani, hata kama zimechakaa. Nitazitia kiraka mwenyewe. Nawe ujihadhari, Mheshimiwa: wakimaliza kuniuliza mimi, watavuka barabara waje kukuuliza cheo hicho ulikipataje.

Nisalimie wote ofisini, na karani wa mapokezi, na mlinzi, na nyumbani kwako pia.

Ni mimi mtiifu wako, ninayetosheka na akili za kuzaliwa,
Fundi.

Nyongeza: Nilikuwa nimeshaifunga bahasha asubuhi hii, mwanangu akapandwa na homa. Nikamimina dawa kijikoni haraka haraka. Mke wangu akanishika mkono. "Subiri nisome kwanza." Akasoma. "Mume wangu, hii ni ya watu wazima." Nikairudisha dawa chupani. Tukampeleka zahanati; sasa amelala, jasho limemtoka, anapumua vizuri. Bahasha nimeifungua ili niulize: darasa linalofuata linaanza lini, na je, mnapokea watu wa umri wangu?