Sifa Nilizojiandikia kwa Jina la Hans

Jumatano. Rasharasha tangu alfajiri, nguo hazikauki.

Jamani, leo nimepatikana. Naandika humu kundini kabla Zuhura hajawawahi, maana yeye ataongeza chumvi. (Na mimi nitapunguza, najijua.)

Mnajua nasafisha vyumba kwenye hoteli moja ya ufukweni hapa Bagamoyo. Kibarua, mwaka wa pili huu. Mwezi huu meneja akatangaza: atakayesifiwa zaidi na wageni kwenye kitabu cha maoni anapata mkataba. Mmoja tu.

Wiki ya kwanza kitabu kitupu. Ya pili, Zuhura wa mapokezi kasifiwa mara nne kwa wino wa kijani, na kalamu ya kijani anayo yeye. (Sisemi ndiye aliyeanza. Huenda naye alimwona mtu akijiandikia.) Kesho yake Bakari wa jikoni kasifiwa mchuzi wa siku ambayo gesi ilikuwa imeisha. Nikajiuliza, kumbe mjinga ni mimi peke yangu?

Jana nikaandika. Nikachukua jina la Hans, Mjerumani wa chumba namba nne aliyeondoka Jumatatu. Kiingereza sikijui. Nikajipa moyo kwamba wazungu siku hizi wanajifunza Kiswahili.

Leo asubuhi kikaoni, meneja akasoma kwa sauti:

"Shikamoo mama. Natumai u mzima wa afya. Mimi Hans nimefurahi sana. Mwanaidi anatandika kitanda vizuri. Ila Jumamosi alisahau taulo mpaka nikamfuata. Wabillahi taufiq."

(Taulo nilisahau kweli. Niliona kujisifu tu si haki.)

Meneja akavua miwani.

"Mwanaidi mwanangu, huyu Hans ni Mjerumani wa wapi? Wa Mlingotini?"

Kwetu ni Mlingotini.

"Labda kakaa sana pwani, mama."

"Siku mbili?"

"Kasilimu huyo," Bakari akadakia. Zuhura akacheka mpaka akashika meza.

"Zuhura, cheka taratibu," meneja akasema huku akifunua ukurasa. "Wageni wako wa Dodoma wamemalizia na 'karibuni tena'. Wanatukaribisha wapi?"

Kicheko kikakatika. Bakari akaanza kujikuna shingo.

"Nani aliyeanza mchezo huu?"

Nikaona nisipojibu nitakuwa nimedanganya mara ya pili.

"Sikuanza mimi, mama, lakini mkono ulioandika ni wangu. Naomba radhi."

Akafunga kitabu. Mkataba kampa mzee Kombo, mtunza bustani, mtu pekee ambaye hajasifiwa hata mara moja. Mzee Kombo hajui kuandika. (Kusema haki, bustani inapendeza.)

Jioni tumekula muhogo wa nazi na dagaa. Mume wangu kauliza habari ya mkataba. Nimemwambia umeenda bustanini, nikamwongezea dagaa. Mkicheka chekeni kimoyomoyo, mawifi zangu wamo humu.