Korongo Lililopunguzwa kwa Agizo

Ifahamike kwa wananchi wote wa kata, mifugo yao na wageni wapitao, kwamba kuanzia Jumatatu matatizo makubwa yamefutwa.

Mtendaji wa kata, Onesphory Margwe, alilisoma tangazo hilo mwenyewe mbele ya ofisi yake, milimani juu ya Endasak. Dawa aliipata kwenye simu, katika masomo ya Kiesperanto, lugha ya kubuniwa. Domo ni nyumba. Ukipachika -et- unapata dometo, kajumba. Ukipachika -eg- unapata domego, jumba hasa. Kumbe serikali inahangaika bure na saruji.

Basi kila tatizo likawa problemeto, la kutamkwa kwa sauti ya chini. Mafanikio yakawa sukcesego, na hayo yapigiwe yowe.

"Mtendaji, huku kwetu yowe ni la hatari," alisema Mama Philomena, mkulima wa ng'ambo ya korongo. "Mtu akilisikia anaacha hata ugali."

"Ndiyo maana linafaa, mama. Mahudhurio yatakuwa mazuri."

"Haya. Na korongo je? Kalavati limesombwa na mvua, pikipiki haipiti. Mkwe wangu Lucia siku zake za kujifungua zimekaribia. Tutampitisha wapi?"

"Hiyo ni problemeto, kwa heshima yako mama. Itamke taratibu."

Philomena alinong'ona neno hilo. Margwe akaona korongo limeanza kupungua.

Taarifa za kata isiyo na tatizo kubwa hata moja zilifika wilayani, na mkaguzi, Mama Safina, akaja kujifunza. Margwe alipanda gari la mkaguzi ili kumwongoza. Lakini korongo halikuwa limesoma tangazo. Gari lilizama katikati, maji yakafika madirishani.

"Ita watu," alisema Mama Safina, akipanda juu ya paa na viatu mkononi.

Margwe akashuka kwenye maji, akapiga yowe kama walivyolipiga babu zake.

Kata nzima ilikuja, na ngoma. Akina mama walivaa nguo za kanisani. Philomena alitangulia na mbuzi wa pongezi, vigelegele vikimfuata.

"Hongera sana, mtendaji. Tumesikia mafanikio."

"Tuvuteni jamani, nakufa!"

"Tutavuta. Tumalize kwanza kupongeza, agizo ni agizo."

Mama Safina aliinama kutoka kwenye paa. "Mtendaji, hapa kuna nini?"

"Problemeto," alisema Margwe kwa mazoea. Maji yakampanda kifuani.

"Sijasikia."

"Problemego! Tatizo kubwa, mama, kubwa mno!"

Philomena akawageukia watu. "Haya, mtu amesema mwenyewe. Leteni kamba."

Walipovutwa hadi nchi kavu, Mama Safina alikamua sketi yake, kisha akatoa agizo la Kiswahili kitupu. Mafundi watakuja wiki hiyo hiyo. Mpaka kalavati likamilike, Lucia akishikwa uchungu atavushwa kwa machela, na mtendaji atabeba upande wa mbele.

Margwe aliitikia, akitetemeka kwa baridi. Philomena akamfunika bega kwa kanga yake, maana mtoto wa mwenzio ni wako.

"Ule vizuri, baba," alimwambia. "Nesi anasema ni mapacha."