Pete Tatu za Kisima cha Kaloleni

Jumatatu, 13 Machi 1995

Leo kanisa limenitambua. Limechelewa, lakini limenitambua. Mchungaji Barnabas kashuka kutoka Kaloleni mpaka hapa Mji wa Kale, nilipopanga kwa Bi Mwanakuu. Kisima chao kimefika futi thelathini, maji yameonekana. Sasa wanataka pete tatu za zege za kushikilia kuta, kabla masika hayajaporomosha shimo lote. Mamangu ni wa kanisa hilo. Mpaka leo anateka maji kwenye lambo moja na ng'ombe. Nikasema niachie mimi, Mchungaji. Akauliza kama nimewahi. Nikamwambia maswali hayajengi kisima.

Gunga, fundi wao wa huko, alitaka pete zimwagwe palepale kando ya shimo. Ushamba! Kazi safi hufanywa mjini.

Jumatano, 15 Machi

Nimemwaga! Uani kwa Bi Mwanakuu, kalibu tatu za mabati. Kila pete upana futi nne, kimo futi tatu. Laini kama shavu la bibi harusi. Bi Mwanakuu kapita na birika la chai, kazitazama sana, kauliza zitatokea wapi. Mlangoni, zitokee wapi tena? Akasema haya, mwanangu, akaenda zake akicheka. Wanawake na ufundi!

Jumanne, 21 Machi

Lori la kanisa limefika mtaani kwetu, Ndia Kuu, na Gunga ndani. Kavaa tai! Nimeleta makuli wanne wa bandari ya Kilindini, wanaume wa kubeba meli. Pete ya kwanza ikabingirishwa mpaka mlangoni. Mlango futi mbili na nusu. Nikapima mara tatu, nikadhani utepe umelewa. Tukaigeuza pete, mdomo uangalie nje, ikakwama baina ya kuta za ukumbi. Haiendi, hairudi.

Nikamwomba Bi Mwanakuu tung'oe mlango na fremu yake. Akasema mlango huo uliwekwa na babu yake. Akauliza mimi nimewekwa na nani.

Gunga kacheka mpaka kashika ukuta. "Hongera, Ngowa! Kisima unacho, ila kimelala ubavu."

Lori limerudi tupu.

Jumatano, 22 Machi

Nyumba nzima inaingia na kutoka kwa kuinama ndani ya pete. Jirani Aidarus kapiga hodi mdomoni mwa pete, sauti ikavuma kama mtungini. Bi Mwanakuu kapita na buibui lake, katokea upande wa pili mweupe kwa vumbi. Akanipa mpaka adhuhuri niiondoe.

Mchungaji kapiga simu dukani kwa Aidarus. Manyunyu yameanza, upande mmoja wa shimo unameguka, Gunga ataka saruji amwage mwenyewe. Nikamwambia subira huvuta heri. Akasema haizuii udongo.

Adhuhuri nikashika nyundo. Nimezivunja zote tatu. Si kwa kushindwa! Kwa hiari yangu. Mipini miwili imekatika. Huo ndio ubora wa zege langu, na Gunga hakuwepo kuuona.

Jumatatu, 3 Aprili

Gunga kazishusha pete zake Jumamosi. Jumapili mvua kubwa ikapiga, kuta zikasimama. Mamangu kaleta salamu kuwa maji ni matamu, na kwamba Gunga ni kijana mwenye adabu. Nimemeza.

Lakini kanisa bado lanihitaji! Mbuzi wanavamia kisima, na Mchungaji ataka hori la zege la kuwanyweshea, urefu futi kumi. Gunga, maskini, kasema atamwaga palepale. Hana jipya. Nimemuwahi.

Uani kwa Bi Mwanakuu nimepigwa marufuku. Haidhuru. Aidarus kaenda Lamu wiki nzima, kaniachia funguo nimwagilie mirihani yake. Chumba chake cha ghorofa ya pili ni kirefu, kina hewa, na kalibu ishasimama. Safari hii nimetumia akili: mlango nimeupima kwanza. Hori lapita, na nafasi yabaki!

Ngazi zina kona tatu. Hizo sikuzipima. Ngazi ni ngazi.

Namwaga kesho asubuhi.