Shimo la Meza ya Mama Wanjiru

Leo nimeaibika. Na sikuaibika peke yangu, hilo ndilo linaloniuma.

Nitaandika yote kama yalivyotokea, bila kujipendelea. Okello na Shikuku, najua huwa mnalisoma daftari hili nikienda kuteka maji. Sawa. Someni. Lakini anzeni juu mshuke pole pole, msiruke kwenda mwisho.

Mnajua nilikokwenda. Kawangware, kwa Mama Wanjiru, mke wa yule mzee mwenye nyumba za kupangisha karibu na soko. Wamejijengea nyumba ya mawe, na leo ilikuwa inaombewa. Mchungaji na wazee wa kanisa wangepita chumba kwa chumba wakisali, halafu wale chakula. Mama anatafuta mpishi. Aliniambia, "Pika hiyo siku nione. Nikiridhika, kazi ni yako, na kile chumba cha nyuma pia." Chumba, ndugu zangu! Cha mtu mmoja! (Sisemi hapa petu ni pabaya. Okello hukoroma, lakini mimi naambiwa huongea usingizini, kwa hiyo tuko sawa.)

Sasa kuna jambo moja ambalo huenda sikuwaeleza vizuri. Mama aliponiuliza kama nina uzoefu, nilijibu kwamba nilifanya kazi kwa Mzungu miaka minne. Ni kweli. Nilifyeka nyasi na kuosha gari. Jikoni kwake sikuwahi kuingia hata siku moja, chai nilipewa dirishani. Mama hakuuliza nilikuwa nafanya kazi gani, nami sikumwambia. Je, huo ni uongo? Nimelifikiria njia nzima ya kurudi na bado sijui. Kupika najua. Nilipikia watu ishirini waliokuwa wakitengeneza barabara, na hakuna aliyeugua. (Mmoja aliugua, lakini alikuja akiwa mgonjwa.)

Saa mbili asubuhi nilikuwa mlangoni. Mama akanipeleka jikoni. Jikoni safi! Kuna jiko la kuni la chuma. Kuna ndoo kubwa nyeupe ya enameli yenye ukingo wa buluu, imejaa uji wa wimbi wa wageni, imefunikwa vizuri. Na kuna meza. Hii meza ndiyo kisa chenyewe.

Ni meza ndefu ya mbao nzito, imeshikizwa ukutani, na chini yake ni kabati lenye milango. Mzee aliinunua mnadani, Mzungu fulani alipouza vyombo vyake vyote arudi kwao. Na katikati ya meza, pale pale pa kukatia mboga, kuna shimo. La duara. Limekatwa kwa ufundi, kingo zimesuguliwa laini. Si la panya, si la bahati mbaya. Mtu alikaa akalipima.

Mama akafunga mlango. Akashusha sauti.

"Ouma, wewe si umekaa kwa Mzungu?"

"Ndiyo, Mama. Miaka minne."

"Basi niambie. Hii shimo ni ya nini?"

Nikaliinamia shimo.

"Kila mtu akiingia hapa ananiuliza," akasema. "Mzee anasema ni ya kuweka kofia. Kofia, jikoni! Wanjiru anasema ni ya kukalisha mtoto ukipika. Majirani wananicheka, wanasema tumenunua meza imetoboka. Leo Mchungaji ataingia hapa na watu wake wote. Nataka nikiulizwa niwe na jibu."

Hapo ndipo ningesema, "Mama, sijui." Maneno mawili, na hapo nimehesabu hata Mama. Lakini nikaona kile chumba cha nyuma kinaniaga. Nikasema, "Ngoja nikague, Mama. Wazungu hawa hawafanani."

Nikakagua. Nikapima kwa mkono: shibiri moja na nusu. Nikapiga magoti, nikafungua kabati. Chini ya shimo kuna vipande viwili vya mbao, vimepigiliwa kama reli, kimoja kila upande, kana kwamba vinangoja kupokea kitu. Bomba la maji hakuna, kwa hiyo si pa kunawia. Masizi hakuna, kwa hiyo si pa moto. Nikakaa pale chini kama mtu anayesali.

Kisha nikakumbuka chakula cha siku yenyewe. Ni irio: mahindi, maharagwe, viazi na majani ya malenge, vyote vinachemshwa pamoja halafu vinapondwa kwa mwiko. Mmewahi kuona mtu akiponda irio? Sufuria haitulii. Inazunguka, inakimbia. Mmoja anaponda, mwingine anaishikilia kwa kitambaa huku anaungua. Hata ugali wetu ni vivyo hivyo. Shikuku, wewe si huibana sufuria kwa nyayo?

Nikatoa kichwa kabatini.

"Mama," nikasema, "hili ni shimo la kushika sufuria."

"Ngai!" Mama akapiga makofi. "Kumbe!"

Na kusema haki, jibu lilikuwa na akili. Hata sasa naona lilikuwa na akili. Swali moja tu lilinisumbua: Mzungu anaponda nini? Nikajijibu: viazi. Nikaridhika.

Saa tano chakula kilikuwa kimeiva. Mimi na Mama tukaibeba sufuria, tukaishusha shimoni. Ikaingia kama imezaliwa hapo. Nikaanza kuponda. Mikono miwili! Hakuna wa kushikilia! Sufuria haikutikisika. Mama akamwita Mzee aje aone. Mzee akatazama, akasema, "Hawa watu walikuwa na akili," akaenda zake bila kutaja kofia. Mama akaita majirani wawili. Nao wakatazama, wakaguna kwa heshima. Nami, kwa kuwa natazamwa, nikaponda kwa nguvu zaidi. (Hilo ni kosa langu mwenyewe. Sufuria haina lawama.)

Nilipomaliza nikashika ukingo ili niitoe. Hakuna ukingo. Ulikuwa umelala sawasawa na mbao, hata ukucha haukupata pa kuingia. Sufuria ilikuwa imezama hadi shingoni. Nikasukuma kutoka chini. Wapi! Mama akasukuma. Jirani mmoja akapanda juu ya meza aing'oe kwa mwiko. Mwiko ukavunjika.

Tukasikia wimbo. Wageni walikuwa wamefika, wako chumba cha mbele.

"Ouma, fanya kitu," Mama akasema.

"Nafikiri, Mama."

"Acha kufikiri! Kufikiri ndiko kumetuleta hapa!"

Wakapewa uji kwanza ili tupate nafasi. Mama mwenyewe aliuchota kwenye ile ndoo nyeupe, vikombe kumi na kimoja, akawapelekea. Lakini wale hawakukaa chini wanywe. Walizunguka nyumba na vikombe mkononi. Chumba cha Mzee. Chumba cha Wanjiru. Stoo. Kisha mlango wa jikoni ukafunguliwa, Mchungaji akaingia na wazee nyuma yake, wakaizunguka meza. Na katikati ya meza irio, ya kijani, inatoa mvuke, imelingana na mbao kana kwamba meza imeota chakula.

Mchungaji akatazama. Akafumba macho haraka, akaanza kuomba. Huruma hiyo sitaisahau.

Baada ya amina macho yote yakarudi mezani. Mama akakohoa.

"Hiyo ni ya Wazungu," akasema. "Ya kushika sufuria ukiponda. Huyu mpishi wangu amefanya kwao miaka minne."

Mpishi wangu! Alisema hivyo mbele ya wote. Nilihisi kama ufunguo wa chumba tayari uko mfukoni.

Ndipo bibi kizee mmoja, wote wakimwita Cucu, yaani nyanya, akajipenyeza mbele. Akainamia meza. Akacheka kwa ufizi.

"Mimi nimefanya jikoni ya Mzungu huko Limuru miaka kumi na tisa," akasema. "Hii hakuna ya sufuria. Hii ni shimo ya taka. Unakata mboga hapa, unasukuma maganda hivi, yanaanguka huko chini. Basi."

Nilitamani shimo linimeze, lakini lilikuwa limejaa.

Mambo yangeishia hapo, aibu ingebaki yangu, na Mama angesema tu kwamba mpishi alikosea. Lakini Cucu akaendelea, kwa wema kabisa, maana alikuwa anakumbuka ujana wake.

"Na huko chini kuna mbao mbili. Ndoo ya taka inaingia hapo kama droo. Inauzwa pamoja na meza. Nyeupe, mdomo ya buluu, na kifuniko yake. Yenu iko wapi?"

Mama akanitazama. Macho yake yalisema neno moja, nami nililisoma vizuri. Lakini mtu mzima ameuliza, na jibu lilikuwa pale pembeni, na leo nilikuwa nimeshakosea swali moja. Nilitaka angalau hili nilipate.

"Ndiyo ile yenye uji, Cucu," nikasema.

Vikombe kumi na kimoja vikasimama hewani.

Lazima niseme haki: ndoo ilikuwa imeoshwa. Mama aliniambia asubuhi kwamba aliisugua kwa jivu na maji moto siku tatu mfululizo, na uji ulikuwa mtamu, mimi mwenyewe nilikunywa viwili. Nikajaribu kuwaeleza. "Imeoshwa sana," nikasema. "Hata harufu haina." Sijui kwa nini maneno hayo hayakusaidia.

Mchungaji akatazama kikombe. Akatazama dari. Kisha akamaliza uji wote kwa pumzi moja, akajifuta mdomo. "Imeshaombewa," akasema. Mzee akageukia ukuta, mabega yakamtetemeka. Nilidhani analia. Kumbe! Na akishaanza mwenye nyumba, nani atajizuia? Walicheka mpaka wengine wakashikana. Mama peke yake hakucheka. Na mimi.

Irio ikaliwa pale pale, watu wamesimama kuizunguka meza, kila mtu na kijiko chake. Waliisifu. Cucu alisema hajaona iliyopondwa laini hivyo. Sufuria yenyewe bado iko shimoni, fundi ataitwa na msumeno.

Mama alinisindikiza mpaka langoni. Akanipa bakuli la irio, limefungwa kwa kitambaa. Hakuwa na hasira. Ningependa awe nayo.

"Ouma, unapika kushinda wote waliokuja," akasema. "Na chumba nilikuwa nimeshakifagia. Lakini nitapokea wageni namna gani, na jikoni kuna mtu hawezi kunyamaza?"

"Sijui, Mama."

"Sasa ndiyo umejua kusema hujui," akasema, akafunga lango.

Simlaumu. Ningekuwa yeye ningefunga mapema zaidi.

Basi nawaomba msicheke. Ile irio mliyoila jioni hii mpaka mkalamba bakuli, mkaniuliza nimeitoa wapi, nami kwa mara ya kwanza leo nikanyamaza: imetoka kwenye shimo la taka.