Kago la Boga la Debe

Jumatatu, 10 Julai 1944
Boga limekomaa. Moja tu, lakini kubwa. Nimeliotesha kwenye debe la mafuta mlangoni, maana ua wangu hapa Kisauni ni mwamba mtupu. Ijumaa mama mkwe anakuja kutoka Utange. Alikwisha sema: asipokula kitu nilicholima kwa mkono wangu, atarudi na binti yake. Jembe sina. Debe ninalo.

Jirani yangu Randu amepita hapa tena. Akasema, "Bwana Kalama, boga lako litalikimbia hilo debe." Mtu anayesifu boga simwamini.

Jumanne, 11 Julai
Nimelikaga: nimelitilia kago, uganga wa kutisha wezi. Kitambaa chekundu, fupa la papa na chupa tupu, vyote vinaning'inia juu ya boga. Mganga wa nini? Maneno nimejitungia mwenyewe. Nimetangaza kisimani kwamba atakayelichuma tumbo litamfura kama ngoma. Randu sasa anapitia nyuma ya nyumba. Akili ni mali.

Ijumaa, 14 Julai
Mama mkwe amefika. Amelisifu boga, kisha akakiona kitambaa. Akauliza ni nani aliyelikaga. Nikasema mganga mkubwa sana. Akasema vema, basi aje alitegue, ndipo tule. Kahaso, mke wangu, hata kisu amekataa kukishika. Tumekula muhogo aliotuletea Randu. Mama mkwe ameusifu mno.

Jumamosi, 15 Julai
Nimesema kweli. Kago ni langu, kitambaa ni pindo la kanga kuukuu. Nilidhani watacheka. Mama mkwe akaniambia polepole, kama anayesema na mgonjwa, "Mwanangu, la mganga hulitegua mganga. Hili lako atalitegua nani?"

Nikaamua kulikata mbele yao, nile peke yangu, waone. Nikashika kisu. Tumbo likanguruma. Nikakiweka chini.

Kahaso akasema, "Waona?"

Jumapili, 16 Julai
Wameondoka wote wawili. Kahaso amechukua na mkeka wake.

Nimemwita mganga wa kweli. Amelitegua, akasema hajapata kuona kago lililofungwa ovyo namna hii. Kwa desturi yake, ujira ni kile alichokitegua. Ameondoka na boga langu kichwani.

Jumatano, 19 Julai
Kahaso ameleta salamu: nikipeleka boga moja lisilo na mambo, mama yake ataridhika, naye atarudi nyumbani. Randu amenipa lake, bure, wala hakuuliza neno. Lazima ana lake jambo.

Naandika njiani. Nyumba ya mama mkwe naiona kutoka hapa. Safari imekuwa ya mashaka; kila ninayepishana naye analitazama boga. Mwanamke mmoja ameuliza limelimwa wapi. Nikamwambia, kwenye debe. Akalitazama zaidi.

Siwezi kulipoteza nikiwa nimekwisha fika. Nimeingia kichakani, nikachana ncha ya shuka, nikalifunga boga barabara, nikalinuizia. Safari hii maneno nimeyapanga vizuri.

Sasa ninaweza kubisha hodi bila wasiwasi.