Wiki Niliyobaki na Karwirwa

Jumatatu, 7 Aprili

Mke wangu Ciakuthii ameondoka alfajiri kwenda Embu kwa mafunzo ya wauguzi. Wiki nzima. Shule zimefungwa. Msichana wetu wa kazi yuko kwao. Ciakuthii alikuwa amependekeza mtoto wetu Karwirwa apelekwe Kiritiri kwa nyanya yake. Nilikataa. Mama mkwe angesema siwezi kumtunza mtoto wa miaka mitano. Nikamwambia Ciakuthii nimeshapanga kila kitu. Sikuwa nimepanga chochote.

Nikampigia Madam Lorna, mwenye duka la pembejeo ninapofanya kazi hapa Makutano. Nikasema tumbo limenishika vibaya. Akanihurumia. Vizuri, maana anatafuta mtu wa kusimamia duka jipya la Embu. Ni mimi au Gachoki, dereva wa lori letu.

Mchana Karwirwa akataka chipsi. Mlangoni mwa hoteli tukakutana na nani? Gachoki. Akazitazama chipsi, akaniuliza tumbo linaendeleaje. Nikasema nimeshauriwa kula viazi.

Jumanne, 8 Aprili

Mpango mpya. Madam hataki watoto dukani kwa sababu ya dawa za mimea. Lakini stoo ya nyuma haina dawa. Ina pumba na chakula cha kuku tu. Nikamketisha Karwirwa nyuma ya magunia, na biskuti na kalamu za rangi. Nikamwambia tunacheza kujificha, anayenyamaza ndiye mshindi.

Mzee mmoja kutoka Nkubu akaja kuchagua pumba.

"Baba, nataka kukojoa," yakasema magunia.

Nikamwambia mzee hiyo ni redio.

"Basi ipeleke choo," akasema.

Nikaipeleka. Niliporudi, mzee alikuwa akinunua pumba kwa jirani.

Jumatano, 9 Aprili

Siku safi. Hakuna aliyegundua. Kila nikiingia stoo kumwona Karwirwa, nahamisha gunia moja ili nionekane nina kazi. Madam amenisifu. Anasema hajawahi kuona stoo imepangwa hivi. Mgongo unaniuma sana, lakini Embu naiona inakuja.

Alhamisi, 10 Aprili



Asubuhi lori lilikuwa limeegeshwa nyuma, linapakiwa. Nilikuwa mbele na wateja. Lori likaondoka. Nikaenda stoo na maziwa ya Karwirwa. Biskuti zipo. Kalamu zipo. Mtoto hayupo. Nikaita. Nikaangalia choo, nikaangalia chini ya meza zote. Nikatoka mbio hadi barabarani bila kumwambia mtu, nikiuliza kila mwenye kibanda kama ameona mtoto wa sweta ya njano. Hakuna aliyemwona. Sijawahi kuogopa hivyo tangu nizaliwe.

Ndipo nikakumbuka lori. Nikampigia Gachoki. Akasimama kando ya barabara, akafungua turubai.

"Yuko hapa," akasema. "Amelala juu ya pumba."

Nikakaa chini palepale, kando ya ndizi za mama mmoja.

Gachoki alimrudisha akiwa amekaa mbele, anakula mahindi ya kuchoma. Karwirwa akaniuliza kama ameshinda. Nikamkumbatia mpaka akalalamika. Gachoki hakucheka. Alisema tu nimwambie Madam mwenyewe kabla yeye hajaulizwa kwa nini amechelewa.

Nikamwambia. Yote, hadi viazi. Madam Lorna alifunga kitabu cha mauzo.

"Gitobu, nimelea watoto watatu nikiendesha duka hili," akasema. "Ungesema tu. Ningekupa siku."

Akanipa onyo. Akanipa Ijumaa ya mapumziko. Embu akampa Gachoki.

Ijumaa, 11 Aprili

Nyumbani na Karwirwa. Tumepika ugali ukawa uji. Tumeunywa. Amelala begani kwangu mchana kutwa na sikuthubutu kusogea.

Jumamosi, 12 Aprili

Ciakuthii amerudi. Karwirwa alimsimulia safari yake ya lori kabla begi halijashushwa. Mke wangu hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Aliketi, akamshika mtoto, akasema, "Baba Karwirwa, ukishindwa, sema umeshindwa. Ni hilo tu ninaloomba."

Nikaapa. Kwa moyo wote. Kuanzia leo mimi ni mtu wa kusema ukweli, nyumbani na kazini.

Jumapili, 13 Aprili

Baada ya kanisa Ciakuthii aliniomba nimpeleke Karwirwa kwa daktari wa meno Jumanne saa nne, kwa sababu yeye yuko zamu. Nikasema sawa. Jioni Madam Lorna akapiga simu. Wakaguzi wanakuja dukani Jumanne saa nne, na lazima niwepo. Nikasema sawa.

Ningeweza kumpigia tena, lakini sitaki kumsumbua Jumapili. Na kwa daktari si mbali na duka. Nikitundika koti langu kwenye kiti na kuacha chai ya moto mezani, mtu yeyote ataona nimetoka kidogo tu. Nimeshachagua koti.