Uzinduzi wa Maabara ya Kupima Lebo

Waheshimiwa wadau wa maendeleo. Wazee wetu wa Mchafukoge. Wafanyabiashara wa Kariakoo, wa jumla na wa rejareja. Mama zangu wakaanga samaki wa Feri. Ndugu wanahabari, hasa wenye kamera. Na Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kutokana na uhaba wa wageni rasmi ni mimi mwenyewe, Mratibu Mkuu wa Kikosi Kazi cha Uhakiki wa Lebo: itifaki imezingatiwa, na aliyesahauliwa ajihesabu amezingatiwa. (Makofi, safu ya mbele.)

Ndugu wananchi, maduka makubwa yametuchezea vya kutosha! Juisi imechorwa embe, ndani hakuna hata harufu ya kokwa. Asali haijawahi kuonana na nyuki. Wanatangaza nusu bei, kumbe bei wameipandisha jana yake. Kwa mujibu wa tathmini shirikishi niliyoifanya nikiwa semina Bagamoyo, asilimia tisini na tisa nukta nne ya wananchi wanapenda ukweli, na waliobaki hawakupokea simu. (Kicheko.) Ndiyo maana leo, kwa upeo wangu mpana, ambao hata mke wangu ameanza kuukubali, nazindua Maabara ya Kisasa ya Kupima Lebo, ghorofa nne, mashine kumi na mbili, hii hapa nyuma yangu, chini ya pazia.

(Sauti ya mama, akiinua pakiti ya mchele: "Mheshimiwa, nipimie huu!")

Aa, Bi Mwanamkuu, mpishi wa pilau za harusi! Ndugu wananchi, mama huyu alinunua mchele duka kubwa, pakiti imeandikwa "Kyela Halisi", akaupika harusini ukatoka bokoboko. (Kicheko. "Msinicheke! Miaka ishirini napika! Jumamosi nina harusi kwa Mzee Abdulswamad, na ameshasema nisipothibitisha kosa ni la mchele, anatafuta mpishi mwingine!") Pole sana, mama. Sampuli yako itaingia kwenye mchakato, majibu ndani ya siku tisini za kazi. ("Harusi Jumamosi hii, baba!") Sayansi haina papara, mama.

Jamani, mbona anachana pakiti? Mama, hicho ni kielelezo! Na nyie mbona mnagawana punje? Najua huko Kariakoo hamnunui gunia kabla hamjatafuna punje mbili tatu, lakini hapa tuko kwenye shughuli rasmi! (Watu wanatafuna.)

(Mzee Abdulswamad mwenyewe, katikati ya watu, akitema: "Huu ndio Kyela? Kyela gani huu! Hauna harufu, hauna utamu, unavunjika kama chaki! Bi Mwanamkuu, niwie radhi. Jumamosi uje upike. Mchele nanunua mwenyewe, kwa kutafuna." Vigelegele.)

Katibu, andika haraka: sampuli ya kwanza imepimwa, majibu yametoka ndani ya dakika moja, mafanikio asilimia mia. Lebo ya kweli! (Watu wanampongeza Bi Mwanamkuu; anaitikia mwenyewe.) Mlaji, macho! (Sauti: "Fungua pazia!")

Nafungua, nafungua. Kwa heshima na taadhima nawashukuru wafadhili wetu, duka kubwa hilohilo lililomuuzia Bi Mwanamkuu, kwa kutuchapishia maabara nzuri namna hii, ghorofa zote nne, kwenye turubai moja. Wewe uliyefika mbele, usiusukume huo mlango, utaupasua, na kesho asubuhi turubai linatakiwa dukani: upande wa pili lina tangazo lao la mchele. Asanteni sana.